Nilipimwa kwa Namba Yako

Wayua,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kikamba maneno haya yanakataa kutoka. Kikamba ndicho tulichocheka nacho miaka yote hiyo. Haya ya leo yanataka lugha ya kusimama nayo mbele ya watu.

Mvua imenyesha huku Ndithini wiki mbili sasa. Binti yako Mwikali amepanda ndengu peke yake na mistari imenyooka, hata wewe usingepata la kusema. Yule mbuzi mmoja aliyebaki amezaa mapacha. Dirisha lako la upande wa barabara hufungwa siku hizi, kwa hivyo nikipita sioni ndani. Nashukuru kwamba sioni, halafu naona haya kwa kushukuru.

Watu bado wananiita rafiki wa kweli. Siku ya mazishi yako walinipa kipaza sauti mapema, hata kabla ya dada zako, na Mwikali akasema mbele ya kanisa lote, "Mama Kioko ndiye alimhimiza mama akapimwe." Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Wewe unajua ilivyokuwa. Lakini kuna kipande ambacho hukukijua, nami nilikuacha uende bila kukijua.

Unakumbuka tulikuwa tunapalilia shamba la mwalimu. Ulisimama, ukashika kiuno, ukaniambia, "Ndinda, damu inakuja hata siku si zake. Nikimaliza kazi inakuja." Nilikuuliza tangu lini. Ukasema tangu mavuno. Nilikuambia uende hospitali, nawe ukanijibu bila hasira yoyote, kama mtu anayemweleza mtoto: "Nikienda hospitali leo, leo hatuli. Na huko wataniambia niende Machakos." Kisha ukainama ukaendelea kupalilia, na mimi nikaendelea. Bwana yangu alikuwa na kazi ya ulinzi Athi River na alikuwa akituma kitu kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa napalilia ili niongezee. Wewe ulikuwa unapalilia ili sufuria iende jikoni jioni ile. Tulikuwa kwenye mstari mmoja, na nilipenda kuamini kwamba tuko sawa.

Ndipo Syombua, yule mhudumu wa afya wa kijiji, akatangaza kanisani kwamba manesi watakuja zahanati Alhamisi kupima wanawake mlango wa kizazi, bila malipo. Ulinifinya mkono tukiwa tumekaa. Nikakunong'oneza, "Tutaenda wote." Hiyo ahadi ilikuwa ya kweli nilipoitoa. Nataka ujue hivyo.

Jumanne ile tulikwenda soko pamoja. Wewe ulinunua mafuta ya taa na sukari ya kupima, pesa zikaisha. Mimi nilisimama kwa yule mama wa mitumba nikachagua suruali ya ndani, moja mpya kabisa, ikiwa bado na karatasi yake. Ulinitania. "Na nani atakuona?" Nikasema, "Daktari." Tulicheka hadi mama mwenye mali akatuuliza kama tunanunua au tunacheka. Wayua, nilijua kwa nini nainunua. Nilikuwa nimewaza kwamba nitavuliwa nguo mbele ya watu nisiowajua, nikajiandaa. Sikufikiria hata mara moja kukuuliza wewe utavaa nini.

Alhamisi ulifika zahanati jua likichomoza. Ulikuwa umetembea. Ukapewa kadi namba kumi na moja. Mimi nilioga, nikapiga nguo pasi, nikaja na pikipiki, na nilipofika nilipewa arobaini na saba. Syombua akatuambia vifaa walivyokuja navyo ni vya watu arobaini. Waliobaki wangoje siku ingine, na siku yenyewe haijulikani.

Nilikaa karibu nawe kwenye benchi, nimenuna. Wa saba alipotoka alitueleza jinsi inavyofanywa: unavua chini yote, unapanda kitanda, unapanua miguu, na kuna msichana anayeshika taa. Ulimuuliza msichana ni nani. Akasema ni yule binti wa Mama Kimeu. Nyumbani kwa Mama Kimeu ndiko ulikokuwa ukifua nguo kila Jumamosi.

Kisha ukaniinamia sikioni. "Ndinda, mimi niko na vitambaa tu. Vya lile blanketi kuukuu. Nimefunga na kamba." Ulikuwa unaangalia chini unaposema, na kidole chako kilikuwa kinazungusha ile kadi.

Nilikuwa nimejifunga leso mpya juu ya gauni. Ningeweza kukupa. Ningeweza kwenda kwa nesi, nikamwambia polepole kwamba kuna mama ana haya na yule msichana atoke kidogo. Manesi walikuwa watu wazuri, baadaye niliona. Ningeweza kukuambia kwamba vitambaa ndivyo vilivyokuleta pale, kwamba damu ile ndiyo wanayoitafuta. Maneno yalikuwepo. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kadi yako.

Nilisema, "Basi utakuja siku ingine."

Ukasema kweli, na mbuzi hawajapewa maji. Ukasimama. Na mimi, Wayua, nikanyoosha mkono. "Basi nipe hiyo kadi." Ukanipa. Hata ulitabasamu. "Isipotee bure," ukasema, ukashika njia na viatu vyako mkononi kwa sababu ya matope.

Hadi hapo unajua. Hili linalofuata hulijui.

Nilipoingia walinipaka kitu kama siki huko ndani, nesi akaangalia, akamwita mwenzake naye akaangalia. Akaniambia kuna mahali pamegeuka peupe. Si saratani, akasema, lakini ukiiacha inaweza kuwa. Wakanichoma palepale na kifaa kidogo. Uchungu ulikuwa kama wa siku za mwezi, haukufika hata wa jino. Wakaniambia nirudi baada ya mwaka. Nilirudi, nikaambiwa niko sawa. Nilipona kitu ambacho sikuwa nimekijua, kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharagwe.

Jioni ile ulikuja kwangu kuuliza. Ulikuwa umeleta maziwa kwenye chupa. "Wamepata nini?" ukauliza. Nikasema, "Hakuna kitu."

Ningesema kweli ungehesabu mwenyewe kwamba bahati ile ilikuwa ya namba kumi na moja. Sikutaka uhesabu. Uso wako ukalegea, ukakaa kwenye kigoda, ukasema, "Basi na mimi sina. Sisi tumekunywa maji ya kisima kimoja, tumezaa mwaka mmoja. Kama wewe huna, mimi ni uchovu tu." Nilikumiminia chai, nikakuacha uamini. Ulikunywa vikombe viwili.

Uongo wangu ulikukalia zaidi kuliko ugonjwa. Kila nilipotaka kukwambia uende, ulinijibu kwa maneno yangu mwenyewe. Miezi ikaenda. Ukaanza kukaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango, kwa sababu ya harufu. Mguu ulipovimba ndipo Mwikali alipokupeleka Machakos. Walikata kipande cha kupima, mkangoja mbuzi wawili wauzwe ndipo majibu yatoke. Majibu yakasema umechelewa, lakini mionzi ya Nairobi inaweza kusaidia. Bima ilitaka ilipwe ya mwaka mzima kwanza. Mbuzi wengine wakaenda. Ulipopata nafasi ulienda mara nne, na hukuwa na mahali pa kulala huko, ulilala kwenye viti vya hospitali. Ya tano ulisema umechoka. Hakuna aliyekulaumu.

Nilikuletea uji kila asubuhi. Nilikulisha kwa kijiko, na kila siku nilingoja useme habari ya kadi. Nilitaka useme. Ungesema ningeanguka chini nikakuomba msamaha na ingekuwa imekwisha. Badala yake, asubuhi moja ulinishika mkono kijiko kikiwa hewani, ukasema, "Wewe Mungu alikulinda, Ndinda. Angalau mmoja wetu." Nikakupa kijiko kingine. Siku nane baadaye ulituacha.

Sasa sikiliza lililotokea. Mwezi uliopita Syombua alikuja kwangu. Manesi wanarudi, na safari hii wamemwomba mtu aliyepona asimame awaambie wenzake wasiogope. Alikuwa na jina langu kwenye daftari. Nilikubali. Nilikaa siku mbili nikiitunga hadithi kichwani, na kila nilipoitunga wewe hukuwemo. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa rahisi sana bila wewe.

Siku ya tatu nilienda kwa Mwikali. Alikuwa anaambua mbaazi. Nilimwambia yote, benchi, leso, kadi, chai. Aliendelea kuambua hadi sufuria ikajaa. Kisha akauliza, "Na uji? Ulikuwa unamletea kwa sababu hiyo?"

Nilisema, "Mwanzoni hapana. Baadaye ndiyo."

Akasema, "Nenda nyumbani, Mama Kioko."

Jumapili tatu alinipita mlangoni mwa kanisa kama anayepita mti. Dada zako wakajua, na wao pia wakaacha kunisalimia. Sikumlaumu mtu. Bwana yangu alisema kwenye simu kwamba nimejichimbia shimo mwenyewe, wafu hawaulizi. Labda hamuulizi. Lakini mimi nilikuwa nalala na jibu tumboni.

Juzi Mwikali alikuja. Hakuingia, alisimama nje ya lango, mkono juu ya mti wa lango. Amekonda, na ana sauti yako sasa, hasa akiwa na hasira.

"Nasikia utaongea zahanati," akasema.

Nikamwambia nitamwambia Syombua atafute mwingine.

"Asitafute mwingine. Uongee wewe. Sema yote, na jina la mama ulitaje. Wako wengi hapa wenye vitambaa." Akatoa mkono kwenye mti wa lango. "Lakini usilie. Ukilia watakuhurumia wewe."

Halafu akaenda.

Ni kesho. Mwikali atakuwepo, anakwenda kupimwa yeye pia, na binamu yake. Alimtuma Syombua aniambie nisikae karibu naye, na sitakaa. Nimezungumza na nesi mapema: yeyote mwenye haya ataingia na nesi peke yake, mlango utafungwa, na kutakuwa na nguo za kujifunika. Nesi alishangaa kwamba hatukuomba mapema. Alisema ni jambo la kuomba tu.

Sikuombi unisamehe, Wayua. Huna mdomo wa kukataa, na msamaha wa asiyeweza kukataa nitauchukua vipi. Nakuaga tu, jinsi ambavyo ningepaswa kukuaga siku ile uliposhika njia ukiwa na viatu mkononi: kwa kukuita urudi.

Kesho nitasimama mbele ya wanawake wa kwetu na nitataja jina lako kwanza, kabla ya langu. Nitawaambia ulifika mapema kuliko mimi. Nitawaambia nilichofanya. Na nakuahidi, kama mtoto wako alivyonitaka: sitalia.

Ndinda