Kiti cha Mwaka wa Kwanza

Kambini, 3 Februari

Kwako mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Huku sote wazima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri kila nikiinama kunyoa ndevu. Duka lipo, vichwa vipo, ila mashine ya kunyolea imeanza kunguruma kama ina kinyongo na mimi.

Mwandiko unaujua, ni wa yuleyule mtoto wa jirani, Profesa. Mimi na herufi hatujawahi kusalimiana, na tangu uondoke yeye ndiye macho yangu. Barua zako hunisomea mara mbili, ya pili kwa ajili ya wateja.

(Mwandishi anaongeza: dada, ni mara tatu. Mzee anaficha.)

Sasa sikia habari njema. Watu wa ufadhili wa wakimbizi walikuja. Wanasema kambi yetu bado ina kiti kimoja tu cha mwaka wa kwanza chuoni. Ukifaulu ukaingia mwaka wa pili, kiti kinabaki wazi, na anayefuata ni Profesa. Amewashinda wote kwenye usaili. Ila umri wao wa mwisho wa kupokea mtu ndio huo alio nao. Mwakani watamwambia amezeeka, mtoto ambaye hata magego hayajakamilika. Ni mwaka huu au basi.

Kwa hiyo soma, mama. Unasomea wawili.

Baba yako


Chuoni, 10 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula na kulala salama. Pole na mgongo. Mashine mpelekee fundi saa hapo duka la pili aitazame, saa na mashine ni ndugu.

Uhandisi wa maji ni masomo mazuri na yanaenda vizuri. Hapa bwenini nikifungua bomba maji yanatoka ya moto, na kila mara nakumbuka foleni ya ndoo huko, nafunga haraka kama niliyeiba. Wenzangu wananicheka wanasema naoga kama paka.

Profesa, najua unasoma hii kwa sauti. Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu, jiandae tu. Nitakupokea getini mwenyewe, nikuonyeshe maktaba.

Mwanao


Chuoni, 12 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo unaendelea vizuri.

Fundi saa, barua hii nimeielekeza kwako, asante kwa kukubali kusoma. Tafadhali msomee mkiwa wawili tu, asiwepo mteja. Baba, sababu ya kumkwepa Profesa utaijua sasa hivi.

Nimefeli masomo mawili, yote ya kompyuta. Siku ya kwanza mwalimu alisema tuwashe tuanze kuchora mabomba. Vidole vya wenzangu vikaanza kukimbia, mimi sijui hata pa kuwashia. Aliyekaa pembeni akaniuliza kama nina shida. Nikasema kichwa kinauma, nikatoka. Juma lililofuata kichwa kikauma tena. Hakuna aliyenifukuza, baba. Walikuwepo wa kunifundisha, lakini niliona haya wasije wakasema watu wa kambini ndivyo tulivyo. Nilipojipa moyo nikarudi, wao walishafika mbali. Kisha nikakuandikia kwamba masomo yanaenda vizuri. Nilikudanganya, tena nilitumia mdomo wa Profesa kukudanganya.

Chuo kimekubali nirudie mwaka. Nikirudia, kiti cha mwaka wa kwanza kinabaki changu na Profesa hapati. Nikijitoa anapewa yeye, mimi narudi nyumbani, na anayejitoa hapokelewi tena. Wanataka jibu kabla Agosti haijaisha.

Haki naijua. Kuitenda ndiko kunakonishinda. Nikifumba macho namwona anafungasha. Niambie la kufanya, baba. Ukisema rudi, nitarudi.

Mwanao


Kambini, 2 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Mgongo umepoa kidogo, na mashine fundi saa ameitengeneza, sasa inanong'ona.

Fundi saa alinisomea, ila kuandika amekataa. Tangu siku hiyo akili yangu haipo. Juzi nimemnyoa mtu nusu kichwa nikamwambia kwaheri, yeye ndiye aliyenishikia kioo. Jibu langu ni hili: kaa hapohapo ulipo. Usinyanyuke. Nimejaribu kuwa mtu wa haki nikashindwa, mimi ni baba yako basi. Dhambi ya neno hili niachie mimi.

(Mwandishi: dada, mzee amegoma kuniambia ni jambo gani, na fundi saa amekuwa bubu. Ila mimi si mjinga, najua ni mchumba. Mwambie huyo bwana asubiri nije nimkague kwanza. Begi nimeshaazima kwa shangazi, zipu nzima. Mzee hapa ananitazama mpaka ananitisha. Nikimuuliza anasema vumbi limemwingia machoni.)

Baba yako


Kambini, 19 Oktoba

Kwako dada,

Habari za masiku? Natumaini u mzima. Baba yako hajambo. Hajui kama nakuandikia, yuko na mteja. Leo maneno yote ni yangu.

Watu wa ufadhili walikuja Septemba wakatangaza kwamba mwaka huu hakuna kiti. Sababu hawakusema. Mama yangu akawalaani wao, majirani wakaja kutupa pole, na baba yako akaja nao. Alipewa maji akashindwa kunywa. Kesho yake aliniita dukani akaniambia yote, analia, na kwenye kiti mteja ana povu kidevuni hajui aondoke au akae. Alisema hawezi tena kunitazama nikishika kalamu yake. Nikamwambia, kumbe ile "kaa hapohapo" niliandika mimi, mzee, kwa mkono wangu huu. Kisha nikatoka.

Nilikaa muda mrefu bila kwenda pale. Begi nilimrudishia shangazi, akanipokea bila kuuliza, na hilo liliniuma kuliko maswali. Nina hasira na wewe, dada, sitakuficha. Kufeli ni kwa kila mtu, hata mimi huenda ningetoka nje kwa kisingizio cha kichwa. Kinachonichoma ni kwamba mlikaa watatu, wewe, baba na fundi saa, mkaamua mimi si mtu wa kuambiwa. Labda ningesema ubaki. Labda ningekung'ang'ania unipishe. Sijui, na sasa sitajua kamwe, kwa sababu hamkuniuliza.

Fundi saa amehamia kwa wanawe. Baba hakumpata mwingine wa kumsomea, na kunitumia mtu wa kuniita alishindwa kwa aibu. Juzi nikapita nikamkuta ameshika bahasha yako, anaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. Nikaingia. Nikaifungua nikamsomea.

Ilikuwa ya kuomba radhi, kurasa nne. Nilizisoma zote, mpaka pale unapomwambia baba anipigie magoti kwa niaba yako. Naye akaanza kuinama kweli, na mgongo wake ule. Nikamshika.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Usiombe radhi tena kwenye barua za baba. Msomaji ni mimi, na sitaki kusimama katikati ya duka la kunyolea nikijiomba radhi mwenyewe kwa sauti yangu. Siku nikikusamehe nitakuandikia, huna haja ya kuulizia.

Andika masomo. Yale wanayokufundisha, kama wanavyokufundisha, na pale usipoelewa andika kwamba hujaelewa. Chora na hayo mabomba. Karatasi isipokutosha, ongeza nyingine.

Baba nitamsomea salamu. Yaliyobaki nitayasoma mwenyewe.

Mdogo wako