Beki Hakushuka Wamaza

Jumanne, tarehe 10 Machi. Kasongo

Mazoezi asubuhi. Goti linauma tena, lile lile lililonitoa uwanjani. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Mabeki wangu wanakimbilia mupira kama kuku wanaokimbilia mahindi. Wote pamoja. Nyuma hakuna mutu.

Jumamosi tunacheza na Salamabila, kwao. Tukipoteza, komite inaniondoa. Prezidenti wa ekipe yetu ya mupira hakuficha, amelisema mbele ya wachezaji. Kazi nyingine sijui. Nimekuwa beki tangu ujana, goti lilipokwisha nikawa kochi. Nje ya mupira mimi ni mutu bure.

Prezidenti pia ametoa sheria yake ya zamani: tangu siku ya kuondoka mpaka firimbi ya mwisho, hakuna kumupa mutu mukono. Hata mama yako. Eti wapinzani wanaweza kutuma mutu akushike mukono, nguvu zikaenda naye. Na mwenye kilio, mutu aliyefiwa, ndiye mubaya kuliko wote. Mimi nilicheka. Kisha nikakubali. Sipendi ugomvi na mutu anayeshika kazi yangu.

Alhamisi, tarehe 12. Njiani

Tope. Tumesukuma pikipiki kuliko tulivyozipanda. Watu wanatusalimia, mimi naficha mikono ndani ya koti kama mwizi. Wachezaji wananicheka, kochi aliyesema haamini. Nimeanza kuzoea. Hilo ndilo linaniudhi.

Ijumaa, tarehe 13. Salamabila

Tumefika. Wengine wanakula, mimi naandika.

Asubuhi tulipita Wamaza. Yaya Feza aliolewa pale. Dada yangu mukubwa, ndiye aliyenilea mama alipokufa. Rezo ya simu haifiki kwake, lakini habari ya ekipe ilikuwa imetutangulia. Alisimama kando ya barabara, pale sokoni. Nguo nyeusi. Kichwa kimenyolewa. Nilijua kuna kifo. Sikuuliza cha nani.

Motari aliyeniendesha alipunguza mwendo. Yaya akaninyoshea mukono.

"Amisi, shuka. Niko na neno. Nakuhitaji hapa."

Prezidenti alikuwa kwenye pikipiki ya nyuma, ananitazama. Soko lote linanitazama. Mikono yangu haikutoka ndani ya koti.

"Nitarudi Jumapili, yaya. Iko match."

Nikamugonga motari begani, akaenda. Niliangalia nyuma mara moja. Alikuwa bado amenyosha mukono. Mutu aliyenibeba mugongoni. Na mimi hata siamini mambo hayo! Niliogopa tu kupoteza kazi. Aibu.

Jumamosi, tarehe 14. Salamabila

Tumeshinda. Goli moja, kona, kichwa. Mabeki walisimama kama nilivyowafundisha. Wafanyabiashara wa Kasongo walioko hapa wamenibeba begani. Prezidenti ametangaza kwamba kazi ni yangu. Firimbi ilipolia nilipeana mikono na kila mutu, hata na wale nisiowajua.

Mmoja wao muuza chumvi wa Wamaza. Akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Alidhani najua. Shemeji yangu, bwana ya yaya, alizikwa Jumatano. Na leo ukoo wake ulikuwa unakaa kikao juu ya nyumba na shamba.

Hapo nikaelewa neno la yaya. Kwetu mujane hajisemei kwenye kikao cha ukoo wa bwana yake. Kaka yake ndiye anasema. Kaka akikosa, wanagawa wanavyotaka. Yaya hana mutoto. Hana kaka mwingine.

Kikao leo. Na mimi nilikuwa napanga watu kwenye kona. Beki gani mimi.

Jumapili, tarehe 15. Njiani, kurudi Kasongo

Nilikwenda Wamaza peke yangu, na pikipiki ya kuazima. Ekipe imebaki Salamabila inakula mbuzi.

Nyumba amepewa mudogo wa marehemu. Shamba la muhogo pia, na michikichi. Vitu vya yaya vilikuwa nje, vimefungwa ndani ya mukeka. Si vingi.

Niliomba kusema mbele ya ukoo, wakaniruhusu. Nilisema vizuri. Nilitaja nani alifyeka lile shamba, nani alimuuguza marehemu. Mukubwa wa ukoo alisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika. Kisha akasema:

"Kaka ya mujane tulimungojea. Watu wote wa sokoni walimuona. Alipita na pikipiki."

Nikatoka nje, nikauchukua mukeka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Yaya hakulia. Alipanda pikipiki nyuma yangu, akaushika mukeka wake kwa mikono miwili. Njia yote mpaka hapa hakuniuliza tulishinda au hatukushinda.

Jumatano, tarehe 25. Kasongo

Huko mutaani wananiita kochi mukubwa. Mama mmoja wa sokoni amekataa kupokea pesa za ndizi. Nilizichukua ndizi. Naona haya hata kuandika.

Yaya analala chumbani kwangu, mimi nalala sebuleni. Hajanilaumu hata neno moja. Afadhali angenitukana. Juzi nilianza kuomba musamaha, akanikatiza, akauliza sabuni iko wapi.

Leo asubuhi nilimukuta nyuma ya nyumba analima. Pale kwenye kokoto, ninapotupa majivu. Anataka kupanda muhogo. Pale hapazai kitu, na yeye anajua kuliko mimi, amelima maisha yake yote. Nilichukua jembe lingine, nikasimama upande wake.

Hakuinua kichwa.

"Enda kwenye mazoezi," akasema. "Watu wanakungojea."

Nikaenda.