Saa Aliyofika Bibi Yako

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwa mama yako.
Jumatano asubuhi, tarehe tisa.

Mpendwa mjukuu wangu, Daktari,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, mumeo fundi umeme, na wanao pacha ambao naambiwa sasa wanagombana kwa lugha mbili. Kifua cha yule mdogo kimepona? Baridi imepungua? Sisi hapa ni wazima, ukiniondoa mimi. Nalala nimeegemea mito mitatu, na miguu imevimba hata viatu vimenikana. Muuguzi anayekuja kunichoma sindano ananificha, lakini nimefanya kazi hospitali miaka thelathini na mmoja. Uso wa mtu anayeficha naujua. Usilie. Nimekula chumvi nyingi.

Ripoti yako imefika. Nimeisoma siku nne kwa miwani na kioo cha kukuzia. Muuguzi nimemwonyesha jina lako kwenye jalada mpaka jana akaniwahi mlangoni: "Babu, najua, najua, ni mjukuu wako!" Nikamwambia, "Ulidhani umesikia yote? Kaa chini, bado ukurasa wa kumi na mbili."

Wagonjwa elfu moja na mia tisa wa kidole tumbo! Umewafuata mmoja mmoja katika rejesta za hospitali yetu ya zamani, ukaonyesha kwamba watu wa kabila letu kiliwapasukia tumboni mara mbili zaidi ya wenzao. Sisi tulilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba paa lake linavuja. Wewe ndiye uliyepanda juu ukatuonyesha tundu. Kichwa changu kimevimba kuliko miguu.

Lakini unaandika kwamba maprofesa wamekukwamisha mahali pamoja. Wanasema, "Watu wenu huchelewa kuja hospitali," kisha wanakuwekea kidole kwenye safu ya saa katika rejesta zile zile. Kweli, karibu watu wetu wote wamefika alasiri, na pembeni imeandikwa: Alichelewa kuja. Mwezi ujao utasimama mbele yao, na unaniuliza kama nakumbuka chochote. Tena ukaisifu hati ile ya mkono, eti ni nzuri kama ya kuchapwa.

Hati ile ni yangu, mjukuu wangu. Na saa zile ni za uongo.

Nilikuwa karani wa mapokezi, mtu wa kwanza wa kabila letu kukaa upande wa ndani wa dirisha lile. Fomu ilikuwa na mstari wa kabila kabla ya mstari wa ugonjwa. Fomu za wengine zilipelekwa kwa daktari papo hapo. Za watu wetu ziliwekwa chini ya kipande cha chuma kwenye kona ya meza, nao wakaambiwa wakae benchi la ukutani, kwa kuwa ilisemekana watu wetu wana kelele. Eti wakichomwa na mwiba hulia kama wamekatwa mguu. Mkuu wa mapokezi alikuwa na kanuni yake: "Karani, mgonjwa hajafika mpaka daktari amemwona." Basi saa niliyoandika ilikuwa ile ya daktari kuishika fomu. Mtu aliyekaa benchini tangu asubuhi, katika rejesta alifika alasiri.

Na yale maneno ya pembeni sikuagizwa na mtu. Niliyabuni mwenyewe. Daktari alikuwa akiuliza kwa nini mgonjwa ameletwa katika hali mbaya hivi, na karani hodari hakosi jibu.

Sasa nije kwa bibi yako, dada yangu, ambaye wote tulimwita Kasuku kwa jinsi alivyopenda kuzungumza. Alifika dirishani saa mbili na robo asubuhi, ameshika tumbo upande wa kulia, amejikunja. Akaniita kwa sauti, kwa lugha yetu, mbele ya watu wote: "Kaka Kalamu! Niandikie haraka kabla sijazaa jiwe!"

Makarani wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Haya, leo tutaona upendeleo." Mjukuu wangu, maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Miaka sita nilikuwa nimejitahidi nisiambiwe kwamba nabeba watu wangu. Nikaiweka fomu yake chini ya chuma, tena chini ya fomu zote zilizotangulia, nikamwambia akae benchini kama kila mtu.

Alikaa. Kila nilipoinua macho alinitania. "Karani, hata mbuzi akiumwa hutazamwa!" Kufikia saa saba utani ukaisha, akawa anatokwa jasho tu. Halafu, kama saa nane hivi, akanyooka, akatabasamu, akaniambia, "Kaka, limepoa lenyewe. Nafikiri nirudi nyumbani." Nikafurahi! Nikajiambia, unaona, hata wangu nimemsubirisha na hakuna baya lililotokea. Wewe daktari unajua maumivu yanapokoma ghafla hivyo maana yake ni nini. Mimi sikujua kwamba kidole tumbo kimeshapasuka.

Daktari alimwona saa tisa na nusu, alipoanza kutetemeka. Aliishi siku tisa. Mama yako alikuwa na miaka minne.

Nami niliandika katika rejesta, kwa hati yangu nzuri: saa tisa na nusu alasiri. Alichelewa kuja. Matangani watu waliponiuliza, nikarudia yale yale. Ndiyo maana umekua ukiambiwa, kila ukiumwa tumbo, "Usiwe kama bibi yako." Mama yako hunipikia uji kila asubuhi, na anaamini mama yake alikufa kwa ukaidi.

Baada ya msiba nilifanya jambo moja ambalo halinitii aibu. Nilinunua daftari, nikalificha ndani ya droo, na kila mtu wetu aliyefika dirishani niliandika humo saa yake ya kweli na namba ya fomu yake. Nilifanya hivyo miaka ishirini na mitano, mpaka nilipostaafu. Yapo madaftari manne. Sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumwonyesha mtu. Nakutumia yote pamoja na barua hii. Yaweke kando ya rejesta, linganisha namba kwa namba, na wape maprofesa jina langu kamili. Hati ni ile ile, hawatabisha.

Alhamisi.

Jana nilichoka, nikaiacha kalamu. Nimeona si haki ripoti ijue kabla ya mwenye msiba. Leo mama yako alipoleta uji nimemwambia aketi, nikamsomea barua yote.

Aliweka bakuli la uji chini, akauliza, "Saa ngapi, mjomba? Rudia."

Nikamwambia, saa mbili na robo asubuhi.

"Kumbe aliwahi," akasema. "Kumbe mama aliwahi."

Hakusema kwamba amenisamehe, wala sikumwomba. Uji ulikuwa umepoa. Akauchukua akaenda kuupasha moto, akaurudisha. Kisha akafunga madaftari kwa kitambaa chake cha kichwa. Anakwenda posta mwenyewe, hataki kumtuma mtu.

Nisalimie mumeo, na pacha wote wawili, mkorofi na mkorofi zaidi. Mjomba wako seremala na shangazi mshonaji wanakusalimu. Mungu akutie nguvu miguuni siku ile utakaposimama mbele ya wazee wale, na wakikuuliza tena nani alichelewa, uwajibu bila kutetemeka. Mimi popote nitakapokuwa nitakuwa natamba.

Ni mimi babu yako nikupendaye kwa moyo huu uliochoka,

Kalamu