Kijiti cha Mkono wa Kushoto

Rubya, Jumatano 12 Februari 2025

Shangazi Agnetha,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na cherehani inakwenda. Watoto wazima, wasichana wote watatu. Simu yangu anayo mume wangu Joackim, ndiyo maana barua hii inakuja kwenye kikapu cha Zabibu, yule mchuuzi wa huko kwenu. Hupita hapa kila Alhamisi akija kununua ndizi.

Shangazi, nina kosa. Unakumbuka daktari alivyosema baada ya operesheni ya tatu, kwamba mimba nyingine inaweza kukipasua kizazi nikafa nayo. Tarehe 21 Agosti 2023 nilikwenda kliniki nikawekewa kijiti cha uzazi wa mpango, mkono wa kushoto. Sikumwambia mtu. Ila unanijua, tangu sekondari siwezi kulala bila kuandika siku yangu. Niliandika mpaka tarehe ya kijiti kuisha. Jumapili Joackim alikuwa akitafuta cheti cha ubatizo, akalikuta daftari.

Hakunipiga. Alikipapasa kijiti kwa kidole gumba, akasema, "Muda wote huu nasali nipate mtoto wa kiume, kumbe jibu lipo hapa."

Mama yake ameitisha kikao cha ukoo tarehe 23 baada ya misa. Kliniki hawawezi kukitoa bila mimi kutaka, kwa hiyo ameshamwita Kyaruzi na wembe wake. Kyaruzi ni yule anayechanja ng'ombe. Njoo, tafadhali. Bila shangazi, katika kikao hicho hakuna atakayenisikiliza.

Binti yako,
Restituta


Bakoba, Jumamosi 15 Februari 2025

Mwanangu Resti,

Marahaba. Mguu ni ule ule, siku hizi unaijua mvua kuliko redio. Wabusu wasichana.

Nimekasirika. Mimi ni mwanamke wa WAWATA, wa wanawake Wakatoliki. Padri anavyosema juu ya vijiti unajua, nami huitikia amina. Halafu unanificha! Mimi niliyekufunda, niliyekushika mkono kukuingiza nyumba ile!

Lakini mara ile ya tatu nililala sakafuni wodini, chini ya kitanda chako. Damu niliiona mimi. Padri hakuiona.

Kwa hiyo nakuja. Huyo Kyaruzi nikimkuta na wembe nitamnyoa ndevu. Alimchanja mbuzi wangu asubuhi, jioni tukamla. Na daftari usilifiche. Waambie liletwe kikaoni lisomwe lote, si ukurasa mmoja waliouchagua wao.

Mpaka siku hiyo usikae nao peke yako.

Shangazi yako,
Agnetha


Rubya, Jumatano 26 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole na mvua ile uliyoondoka nayo. Sisi wazima.

Bado namsikia shemeji Ildefons akisoma kikaoni, kwa kuwa ulimlazimisha aanze mwanzo: "Tisa Juni 2023. Joackim amekaa ukingoni mwa kitanda analia. Amesema, Resti, basi, hawa watatu wanatosha, sitaki kulea yatima." Mama mkwe akadakia: "Maneno ya hospitali! Mwanaume gani haahidi hospitali?" Nawe ukamjibu, "Waitu jamani, basi na yale aliyoahidi kanisani tuyafute." Kyaruzi akacheka, akaufunga wembe kwenye gazeti, akaondoka.

Nilidhani yamekwisha. Jana Joackim alinirudishia daftari, amelifuta na vumbi. Ukurasa wa tarehe 9 Juni haupo. Haukuchanwa, shangazi. Umekatwa kwa wembe, ukingo umenyooka kama kwa rula.

Maneno yake nimeyaandika upya kwenye karatasi ya pili humu. Nitunzie. Kila Alhamisi nitatuma barua, hata mstari mmoja. Zikipita Alhamisi mbili bila karatasi, usingoje kuitwa.

Binti yako,
Restituta


Bakoba, Jumamosi 1 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Karatasi ipo ndani ya Biblia yangu. Chumba cha nyuma nimekitoa magunia, kina kitanda na chandarua. Njoo na watoto, usifunge hata mzigo. Usingizi sipati.

Shangazi yako,
Agnetha


Rubya, Alhamisi 6 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Zabibu anasubiri mlangoni, naandikia gotini.

Asante kwa chumba. Ila wasichana hawataruhusiwa kutoka katika kibanja hiki, shamba la ukoo wao. Nikiondoka nitaondoka peke yangu, na mdogo bado ananyonya.

Joackim amekuwa mpole. Ameninunulia kitenge. Mama yake amehamia kwetu, anasema amekuja kunisaidia. Juzi Kyaruzi alipita, wakaniambia amekuja kuchanja ng'ombe.

Ng'ombe wetu tulimuuza Krismasi.

Binti yako,
Restituta


Bakoba, Jumatano 26 Machi 2025

Resti mwanangu,

Leo sikuulizi hali, nitaiona kwa macho yangu.

Alhamisi mbili Zabibu amerudi na ndizi tu. Wiki iliyopita alikuona uani. Anasema jua lilikuwa kali nawe umevaa sweta la mikono mirefu, umebeba ndoo kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeubana tumboni. Alipokuita, mama mkwe wako alitokea nyuma yako akasema, "Ana homa huyo, nenda zako."

Kama wamekukata, tunaanza hospitali, polisi baadaye. Dawati la jinsia hapa mjini wamenipa namba ya mwenzao wa Muleba, na jina lako tayari analo. Maneno ya Joackim nimeyabeba. Watoto wanakuja wote watatu. Zabibu wiki hii hanunui ndizi, ili gari lake lipate nafasi yenu.

Barua hii atakupa mkononi akiingia. Ukiimaliza mimi nitakuwa nimesimama pale migomba inapoanzia, na mguu wangu huu. Ni mimi niliyekushika mkono kukuingiza nyumba ile. Toka nje, mama. Nipe huo wa kulia.

Shangazi yako,
Agnetha