Omotembe Iliyomea Kwa Kaburi Yako

Mama,

Ni mimi Nyakundi. Unajua kuandika hunisumbua, kwa hivyo soma polepole. Na kuongea mbele ya watu bado sijaweza. Lakini wiki hii niliongea, ndiyo maana nakuandikia.

Siku ya kukuzika, mvua ilifanya udongo ikawa laini sana, msalaba yako ikawa inalala upande. Nikaokota kijiti kwa ile miti vijana walikata ya kujenga hema, nikaigonga chini, nikafungia msalaba hapo. Haikuwa na jani, haikuwa na tunda, na maganda ya juu walikuwa wamekwangua ndio miiba isiwadunge. Wewe ulinifundisha mti inajulikana kwa hizo tatu. Mimi nikaona kuni tu.

Halafu ikaanza kuchipuka. Mama, nilikaa pale chini nikaiangalia.

Mama mdogo Moraa aliogopa. "Dada yangu anakataa kulala. Ng'oa hiyo kitu!" Jirani akasema ni mti ya omosocho. Mimi nikakumbuka maneno yako. Ulikuwa unaniambia, "Usitaje jina na macho, shika kwanza." Nikawa napita hapo kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani chai, nangoja. Jani ikafunguka: tatu pamoja, ya katikati kubwa. Nikashika kikonyo, ikanidunga. Omotembe! Ile ya mbegu nyekundu yenye doa jeusi, tulikuwa tunaokota kule mtoni tukienda kuni. Ulikuwa unanitisha, "Ukimeza hii utanitangulia mbinguni." Sasa ni wewe umetangulia.

Mwanzo wa wiki hii Baba mdogo alikuja kutoka Nairobi na vigae vya tailisi, na fundi wa Ogembo. Anataka kaburi yako ing'ae. Fundi akaangalia akasema kijiti itoke, mizizi itapasua simenti. Wote wakakubali. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na migomba. Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema, "Hiyo haitolewi."

Wakageuka wote. Baba mdogo akacheka. "Kumbe hii redio iko na betri! Haya, endelea, tusikie habari."

Habari zikanipotea. Nikasema tu, "Ni omotembe. Imemea kwa Mama." Basi. Mama mdogo akaanza kulia. Baba mdogo naye akaacha kucheka, akanishika bega. "Mwanangu, hata mimi nilimpenda. Lakini simenti na mizizi haziwezi kukaa pamoja."

Na ni ukweli, Mama. Ningetaka iwe uongo nimkasirikie. Hata ile omotembe kubwa ya mtoni, si ulinionyesha vile ilipasua jiwe?

Nikaomba niing'oe mwenyewe. Fundi akanipa jembe, nikakataa. Nilichimba na vidole. Mizizi ilikuwa myeupe, nyembamba kama uzi. Nikavuta pole pole, zikakubali, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa imeenda chini moja kwa moja. Ningevuta na nguvu ingekatika tu, lakini niliona kama... sijui. Kama kuna mtu ameishika upande ule mwingine. Nikaikata na kisu. Hiyo nimekuachia.

Wakamwaga simenti. Tailisi ni nzuri, sitakudanganya. Watu wanasifu. Mimi nikisimama hapo sioni mahali pa kushika.

Ile kijiti nimepanda mtoni, nimeifunika na jani ya mgomba jua isiichome. Majani imelala yote. Kila asubuhi naikwangua kidogo na kucha. Ndani bado iko kijani, lakini si kama jana. Kemunto dada yangu ananiuliza, "Imeshika?" Namwambia tungoje.

Mama, mimi sina maneno ya kanisani. Nenda vizuri. Huko mahali uko, kama kuna miti hujui, shika kwanza. Na hii ya hapa, ikikauka, nitakata ingine. Hiyo ikikauka, ingine tena. Nitakata na kupanda, mpaka moja ikubali kuishi.

Mtoto wako,
Nyakundi