Nichague Piki Gani, Mjomba Asijue?

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia kabla sijafanya jambo la kijinga, maana nimefika mwisho wangu na sina wa kumwambia, mke wangu sitaki kumtia hofu, na wenzangu wa bendi ndio hao hao ninaowakimbia. Najua barua unazopokea ni za ndoa na wakwe, usinicheke basi, lakini swali langu ni hili: mtu anayepiga gitaa la besi achague piki ya aina gani ili isikike kama vidole?

Piki ni kile kidude cha plastiki ambacho wapiga gitaa hukibana kati ya kidole gumba na cha shahada wakapigia nyuzi. Mimi sijawahi kukihitaji. Bendi yetu ni ya Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenifundisha, na sheria yake ni moja tu, besi hupigwa kwa nyama, na siku moja alikuja mpiga besi mgeni kujaribiwa akatoa piki mfukoni, basi Mjomba akazima spika katikati ya wimbo akamwambia, "Bwana mkubwa, kama umekuja kukwangua sufuria, jikoni ni kule," watu wakavunjika mbavu mpaka yule mtu akafunga gitaa lake akaondoka bila kuaga.

Sasa mimi ndiye ninayetafuta piki. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vimekufa ganzi, vilianza kwa kuchomachoma kama vimetambaliwa na sisimizi, kisha vikawa vinageuka vyeupe asubuhi zenye baridi, na sasa naugusa uzi sijui kama nimeugusa mpaka nisikie kwenye spika, na kuna wakati spika iko kimya na mimi nimetabasamu kabisa nikidhani nimepiga. Mchana nafanya kazi karakana ya mageti, kazi yangu ni kushika grinda na kulainisha maungio mchomeleaji akishamaliza, nikamwuliza fundi mkuu, akaniinulia mikono yake akasema, "Hiyo ganzi ya kawaida, hapa nani hana?" Na kweli wote wanayo, kwa hiyo nikajua si kazi, labda ni umri, labda ni jicho la watu, maana bendi ilikuwa imeanza kusifiwa.

Shangazi, nimelia mimi. Nilimshika mwanangu shavu ana homa nikalisikia joto kwa kiganja tu, vidole havikuniambia kitu. Vifungo vya shati siwezi tena, ikabidi nimwombe mke wangu kila asubuhi, namtania, "Nifunge wewe, nitoke na baraka," naye anacheka, anadhani ni mahaba, na juzi kaninunulia fulana za kuvalia kichwani, eti zinanipendeza kuliko mashati, wala hajui kitu, na namshukuru Mungu hajui.

Piki nimezijaribu zote. Nyembamba inapiga kelele chwa chwa, uzi wa besi unaipinda kama jani. Nene ngumu ina nguvu, lakini kila noti inaanza na tak, tak, kama mtu anagonga meza. Zile ndogo zinanigeukia mkononi na mimi sijui kama zimegeuka, nashtukia napiga kwa kucha. Muuza ala akanipa moja ya kitambaa kilichoshindiliwa, hiyo sauti yake nzuri, imejaa, lakini inakufa kabla haijamfikia anayecheza. Mwisho nikakata yangu kutoka kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi pale karakana, pana, ya pembe tatu, nikaisugua kingo kwa msasa, na hiyo walau inatulia mkononi, ila mwenye masikio akiisikia anajua ni plastiki, na Mjomba ana masikio.

Sasa sikia balaa. Mpiga ngoma wetu ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, tunamwita Kishindo, tumepiga pamoja miaka mpaka hatutazamani, najua atakapotua na yeye anajua. Siku moja nilifika mazoezini mapema nikidhani niko peke yangu, nikaitoa piki yangu ya ndoo, mara nasikia Mjomba anakohoa mlangoni, nikashtuka, ikaniponyoka ikateleza sakafuni hadi kwenye ngoma, kumbe Kishindo ameinama nyuma pale anakaza matoazi, akaiona, akaikanyaga kwa kiatu, akageuza uso. Mjomba akaingia, akakaa, akaongea weee, na yule mguu wake hapo hapo. Nilipofika nyumbani nikaikuta piki imo ndani ya mfuko wa gitaa. Nikaelewa ananiambia, nimekuona.

Na ananizika, Shangazi. Alikuwa ameshaanza hata kabla ya hapo, ila sasa amezidi. Ile ngoma kubwa ya mguu anaikanyaga kwa nguvu zote juu ya noti zangu, hasa zile dhaifu, ananifunika mpaka mwenyewe sijisikii, Mjomba amemgombeza apunguze, hapunguzi, nami nikimtazama yeye anatazama dari. Shemeji wa damu ya mke wangu! Kama anakitaka kiti changu akampe rafiki yake, si aseme?

Na Mjomba sasa anataka kurekodi. Amezeeka, kifua kinamsumbua, anasema hataki kwenda kaburini na nyimbo zake kichwani, studio imepatikana, na fundi mitambo amesema kila mpigaji ataingia chumbani peke yake, sauti zitaunganishwa baadaye. Peke yangu, Shangazi, na vidole hivi, na Mjomba ananitazama kupitia kioo. Nikitolewa kwenye besi mimi ni nani? Ni mtu wa kusaga mageti basi. Nimewaza kuupitisha mkono kwenye grinda niseme ni ajali, maana ajali haina aibu. Sina raha hata ya kula. Usiniambie mambo mengi, niambie tu ni piki ipi.

Mimi, mpiga besi asiye na vidole.

*

Marahaba, mwanangu.

Utaniwia radhi, mambo mengi nitakuambia. Na kwanza hiyo grinda. Nimesoma mstari ule nikaweka kikombe chini. Ajali haina aibu, ehe? Mkono uliokatwa hauulizwi ulikatwaje, haurudi tu. Wazo hilo usilale nalo. Mwambie mke wako leo, kwa mdomo wako, neno kwa neno, na kesho usiende kuishika mashine hiyo. Ukimaliza kunikasirikia, endelea kusoma.

"Ganzi ya kawaida!" Hebu na wewe. Karakana nzima mikono imekufa, nawe unatafuta mwenye jicho! Aliyekuonea kijicho unamshika mwenyewe kutwa, ananguruma na kutetemeka. Mtetemo wa mashine huharibu mishipa ya vidole, na hizo rangi nyeupe za asubuhi ndizo dalili zake. Nenda hospitali, na usiseme tu "vidole vinauma" wakakupa vidonge vya maumivu. Mwambie daktari unashika nini na tangu lini. Fundi mkuu mwombe akuhamishie kwenye kupaka rangi, na uende na wenzako, maana anayelalamika peke yake huonekana mvivu.

Sitakudanganya kuhusu kupona. Huenda ukapata nafuu ukiiacha mashine, huenda usipate, na umechelewa. Vidole vile vilivyokuwa vikiimba, pengine umeshavizika bila kujua. Basi vililie kama watu. Si ujinga kumlilia mtu uliyeishi naye miaka yote hiyo, na hao walikuwa wawili.

Piki sasa. Niliimba kwenye bendi kabla sijakalia kiti hiki cha kugombeza watu, kwa hiyo hapa huniwezi. Piki inayosikika kama vidole haipo. Haipo dukani, haipo kwenye ndoo ya rangi, acha kuhangaika. Chagua inayotulia mkononi mwako, na umeshaipata: ile pana ya pembe tatu, unene wa wastani. Itoboe katikati au uibandike plasta, kidole gumba kipate pa kukamata, maana hicho hukukilalamikia. Ishike ncha ikitokeza kidogo tu. Piga upande wa shingo ya gitaa, si kule nyuzi zinakofungwa. Huko zinakofungwa chomeka kipande cha sponji chini yake, na ubavu wa kiganja uulaze hapo. Ile tak tak itapungua. Kuisha haitaisha, na Mjomba ataijua kwa noti ya kwanza.

Kwa hiyo asiijulie kwenye kioo cha studio. Nenda kwake mchana, mkiwa wawili, umwekee mkono mapajani mwake. Mzee ambaye kifua kinamkatisha wimbo katikati anajua mwili unavyomgeuka mwenyewe. Anaweza kukufukuza vilevile. Wazee na sheria zao siwadhamini. Lakini akikufukuza, atakuwa amefukuza mtu mgonjwa, wewe mwenyewe, na si huyo mwizi unayejiona kila ukiingia mazoezini.

Nimebakiza Kishindo, na hapo umeniudhi. Mpiga ngoma akitaka kumwumbua mpiga besi, hamkanyagii noti. Ananyamaza tu, pengo lisikike mpaka kwa wanaouza vinywaji. Wewe umeandika mwenyewe: hasa zile dhaifu. Anakufunika, ndiyo, kama unavyomfunika mwanao akiwa na homa. Piki aliikanyaga ili Mjomba asiione, kisha akakurudishia kwa siri usiaibike. Anagombezwa kwa ajili yako na hapunguzi. Na dari anaitazama kwa kuwa akikutazama wewe usoni, ngoma itamshinda. Tena unamwita mwizi wa kiti! Hakuna msiba usio na mwenziwe, wako umekaa nyuma yako na fimbo mbili mkononi.

Mwambie huyo fundi mitambo kwamba wewe na mpiga ngoma mnaingia chumba kimoja, mnarekodiwa pamoja, la sivyo atafute besi nyingine. Kishindo atakubali kabla hujamaliza sentensi.

Utaniuliza alijuaje, tena hata kabla ya piki kudondoka. Mwanangu, unaniandikia kwamba mke wako hajui. Huyo anayekufunga vifungo kila asubuhi na hajawahi kukuuliza kwa nini. Huyo aliyekwenda akakununulia fulana zisizo na vifungo, akakusifia. Anacheka ukimtania, sawa, kwa sababu wewe unataka acheke. Akishamaliza kucheka, wewe ukishatoka, ulidhani anakwenda kumlilia nani, kama si kaka yake?

Leo hii vaa shati, mwombe akufunge. Kabla hajafika kifungo cha juu, mshike mkono umwambie.