Stoo Niliyochelewa Kumjengea Zuhura

Rusimbi, Kigoma

Dada yangu Hawa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute magoti yamepunguza kukusumbua na shemeji kifua kimetulia. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili, dada, kwa sababu mengine utayasoma humu.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kila ukinipigia nakwambia mtandao wa huku mbovu. Si mtandao, ni mimi. Nikisikia sauti yako nashindwa kuyasema. Kwa hiyo nimeandika, na mwenzangu wa gereji ya injini za boti anapanda treni kwenda Dodoma, amekubali kuifikisha stendi ya mabasi yaendayo Kondoa.

Hukuweza kuja mazikoni, na wala sikulaumu. Zuhura aliumwa kichwa Jumapili, Alhamisi tukamzika. Miaka tisa ya ndoa ikaisha kabla hata sijajua ni ugonjwa gani. Baada ya arobaini ulinipigia ukasema, "Iddi, rudi nyumbani. Mtoto hukujaliwa huko, mke hayupo, nini kinakufunga?" Nilikujibu nitafikiri. Kusema kweli, siku ile ile nilikuwa nimeshaamua kurudi. Nilitaka tu kwanza nijenge stoo.

Nikueleze. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja chetu, kingine cha mama mkwe, Mama Zuhura, ambaye hana mtoto mwingine duniani. Zuhura alikuwa akipika sabuni ya mawese na kuuza Ujiji, na vitu vyake vyote tulilala navyo: madumu ya mawese miguuni pa kitanda, kostiki ya kuchanganyia sabuni juu ya kabati, fremu za kukatia sabuni uvunguni. Alikuwa akiniambia, "Baba, nijengee hata kibanda cha mabanzi huko nyuma, nipumue." Nami nilikuwa nikimjibu, "Wiki ijayo." Dada, mimi nafungua injini ya boti na kuifunga, lakini kibanda cha mabanzi kilinishinda miaka mitano.

Basi nikaona nijenge sasa, niweke vitu vyake humo, nifunge, nimwachie mama nyumba, nije zangu Kondoa.

Sikuita fundi. Nguzo sita za mikaratusi nilizitoa Kidahwe, sehemu za kuingia ardhini nikazipaka oili chafu ya gereji ili mchwa wasizile. Mabati nilipewa na jirani aliyebadilisha paa, nikaziba matundu ya misumari kwa vipande vya mpira wa tairi na lami. Mabanzi ni masalia ya mashine ya mbao. Sakafu nilipanga mawe kwanza ili unyevu usipande, kisha mbao. Bawaba za mlango nilikata kwenye tairi kuukuu. Nilifanya kazi jioni nikitoka gereji, na siku zote hizo mama alikaa kibarazani akipukuchua maharage, haniulizi kitu. Hata "pole na kazi" aliisema akiangalia pembeni.

Siku ya nne nilikuwa nimesimamisha nguzo zote na kupigilia papi za juu za kubebea mabati, ila sikuweka mbao za mshazari za kushikilia pembe. Fundi yeyote angenicheka. Mvua ikaja na upepo kutoka ziwani, na kiunzi chote kikaanza kulala upande. Nikaikumbatia nguzo moja, nyingine ikawa inang'oka. Nikasikia, "Shika hiyo, hii ninayo!" Kumtazama ni mama, khanga imemganda mwilini, ameikumbatia nguzo ya pili.

Unajua adabu ya mkwe, dada. Miaka yote tisa hatukuwahi kushika kitu kimoja kwa pamoja. Hata sahani aliiweka mezani kwanza, akaondoka, ndipo niichukue. Siku ile tulishikilia kibanda kimoja mpaka mvua ikakatika.

Tulipokuwa bado tumesimama pale, maji yanatutiririka, akaniuliza, "Baba, stoo hii unajenga ya kuweka vitu, au ya kuniweka mimi?"

Nikamwambia kweli, kwamba nataka kurudi kwetu.

Halafu akasema, "Nenda. Mtu hakatazwi kwao. Ila usinifungie kazi ya mwanangu kwa kufuli. Mimi ndiye niliyemfundisha kupika sabuni. Macho yanaona kidogo, mikono inajua bado. Dumu tu ndilo siwezi kulinyanyua." Akaingia ndani kubadilisha nguo, akaniacha nalia kama mtoto. Nilikuwa sijalia tangu makaburini.

Kesho yake niliweka mishazari, nikapaua, nikatundika mlango. Tukahamisha vitu pamoja, mimi nabeba, yeye anapanga. Uvunguni tukakuta sabuni alizokata Zuhura wiki aliyougua, zimekauka vizuri. Mama alizipanga rafuni moja moja, akinusa kila kipande. Wateja wa Ujiji walipokuja kuziulizia alikataa kuuza. Juzi tumepika mpya. Mimi nilinyanyua madumu na kukoroga, yeye akielekeza. Ya kwanza ilikatika, mafuta yakajitenga, tukairudia.

Chumba sasa ni kitupu na kikubwa. Tulikuwa tukilalamika kuwa ni kidogo. Mchana nikiingia kuchukua shati, najikuta nimesimama tu katikati.

Dada, siji. Nimeiandika hivyo bila kuizungusha kwa sababu wewe umenilea, hustahili kuzungushwa. Kile kipande cha shamba la alizeti ulichonitunzia tangu mama yetu afariki, mpe mwanao Hamisi alime, kiwe chake. Najua ulikuwa ukinisubiri ili tuzeeke pamoja, na najua ninachokunyima. Nimepima kila upande, na kila nikipima namwona mama wa huku akibaki peke yake. Wewe una shemeji na watoto. Huyu ana dumu asiloweza kulinyanyua.

Nisalimie shemeji, mwambie nakumbuka alivyonifundisha kuendesha baiskeli. Nisalimie shangazi wa Kolo, na ba' mdogo anayenidai nije nimwone kabla hajafa. Watoto wote wapake mafuta kichwani kwa niaba yangu.

Mama Zuhura anakusalimu. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwambie dada yako ahsante kwa kukulea. Na anisamehe."

Ni mimi, mdogo wako,
Iddi